Maji Niliyoyakataa kwa Shangazi

Mwalimu aliyetufundisha sayansi shule ya kati alikuwa mtu wa Usambara. Alikuwa mgeni huku Meru na alijijua kuwa ni mgeni, kwa hiyo aliuliza kabla ya kuamua jambo. Mimi nilikuwa mwenyeji, nami sikumwuliza mtu.

Ilikuwa wakati wa Waingereza, nikiwa darasa la saba, msimu wa kuchuma kahawa. Kuhara damu kuliingia bwenini kwetu. Mvulana mmoja wa darasa la tano alipelekwa mjini akiwa amelazwa nyuma ya gari la misheni, na hakurudi akiwa hai. Tulimzika kwao, mvua ikinyesha. Kesho yake mwalimu aliingia darasani, hakufungua kitabu. Alichukua chaki akachora mstari mrefu kutoka juu ya ubao hadi chini.

"Huu ni mfereji wenu," akasema. "Hapa juu ni msitu. Hapa chini ni shule. Niambieni kuna nini katikati."

Tulifurahi, kwa kuwa mfereji tuliujua kuliko hesabu. Babu zetu waliuchimba kutoka mtoni, ukashuka mlimani ukipita kila boma, ukinywesha migomba, ng'ombe na watu. Tukaanza kutaja kwa kelele. Hapa kuna zizi la mzee fulani. Hapa wanawake wanafulia. Hapa kuna mashine ya kumenyea kahawa, na maganda yanatupwa pale pale. Hapa ng'ombe wanavuka. Kila tulipotaja, mwalimu aliweka alama ya chaki kwenye mstari. Tulicheka sana mtu mmoja alipotaja choo cha mwinjilisti. Lakini chaki ilizidi kushuka, na ilipofika kwenye kile kisanduku kidogo cha shule, hakuna aliyekuwa akicheka. Tulikuwa tumekunywa maji yale asubuhi.

Chama cha Afya kilianza siku hiyo. Mwalimu alitafuta pipa, tukajenga mafiga ya mawe nyuma ya jiko, tukawa tunachemsha maji ya shule nzima na kuyachuja kwa kitambaa. Tulichimba vyoo vipya mbali na mfereji. Kila mwanachama alifunga utepe mweupe mkononi. Mimi nilichaguliwa mwenyekiti kwa sababu nilikuwa na sauti ya kusikika, na nadhani pia kwa sababu niliitaka sana kazi hiyo hata ikaonekana usoni.

Mwalimu aliandika kiapo kifupi: tutakunywa maji yaliyochemshwa na tutawafundisha wenzetu. Nilikiona hakina uzito. Nikampelekea maneno yangu: "Sitakunywa maji yasiyochemshwa, nyumbani kwetu wala kwa mtu yeyote."

Mwalimu aliyasoma, akakuna kidevu. "Hayo maneno 'wala kwa mtu yeyote', hayatawaletea shida kwa wazee wenu?"

"Hapana, mwalimu. Wazee wetu wataelewa."

Akaniamini. Angefanyaje? Mimi ndiye mtoto wa pale.

Nami nilijua. Mtoto yeyote wa Kimeru wa umri wangu alijua. Kwetu ukifika kwa mtu unapewa maji kabla ya kuulizwa shida yako. Mwenye nyumba anachota kwa kata, anaonja kidogo mbele ya macho yako, kisha anakupa. Kuonja kwake ni kusema kwamba hapa hamna ubaya. Kunywa kwako ni kusema kwamba umeamini. Ukiirudisha kata ikiwa imejaa, umesema jambo ambalo watu hawalisemi kwa mdomo: kwamba mwenye nyumba yule ana mkono mbaya, kwamba anatia kitu. Maneno kama hayo hayana mahali pa kukatiwa rufaa.

Wenzangu katika chama walitafuta njia ya kupita. Jirani yangu wa dawati, mvulana mcheshi aliyelala kitanda cha pili kutoka kwangu, alikuwa akifika kwa watu anapokea kata, anagusisha midomo tu, anashukuru. Au anasema tumbo linamuuma. Nilimsema mbele ya chama.

"Wewe ni mwanachama wa afya au wa uongo?"

"Mimi ni mtoto wa watu," akanijibu. "Wewe mwenzetu ulizaliwa na ubao?"

Walicheka. Nilimnyang'anya utepe kwa majuma mawili.

Shangazi yangu, dada yake baba, hakujaliwa mtoto. Nilipokuwa mdogo baba alinipeleka nikakae naye, na nilikaa hadi nilipokwenda bweni. Mumewe alikuwa amefariki. Boma lake lilikuwa pale njia ya kutoka sokoni inapoanza kupanda, mahali ambapo watu wenye mizigo hutaka kupumzika, na kwa kuwa lilikuwa pale, kila mtu alipumzika kwake. Aliwapa maji, na kama yalikuwapo, loshoro, ule mseto wetu wa mahindi na maziwa ya mgando. Aliwatania wapita njia. "We mama, umebeba ndizi au ndizi zimekubeba?" Watu wa hadi Oldonyo Sambu, upande wa pili wa mlima, waliokuja kuuza mbuzi, walilijua boma lake. Mwanamke asiye na mtoto ana vitu vichache vya kumpa heshima. Yeye alikuwa na hicho kimoja: hakuna aliyepita kwake na kiu.

Mwaka ule ule wa kuhara, mtoto mdogo wa shemeji yake alikufa. Shemeji huyu alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, na mashamba yao yalipakana. Mtoto alikuwa ameshinda kwa shangazi siku tatu nne kabla, kama watoto wote wa jirani walivyoshinda kwake. Maneno yakaanza chini chini. Mama mmoja aliacha kupumzika pale. Mwingine akapita akisema ana haraka. Niliyasikia nilipokwenda likizo fupi. Shangazi pia aliyasikia, ila hakuniambia.

Kipaimara changu kilikuwa Jumapili iliyofuata mwisho wa mavuno ya mahindi. Shangazi alimwomba baba sherehe ifanyike kwake. Sasa naelewa kwa nini aliomba. Alitaka watu waje wengi, wakae, wale, wanywe, maneno yaishe. Mimi, kijana wa kipaimara, ndiye ningekuwa wa kwanza kupewa maji. Mtoto aliyemlea mwenyewe angekunywa, wengine wangefuata.

Nilifika kwake Jumamosi mchana. Nilimkuta anarudi kutoka mferejini na debe kichwani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Nisaidie kutua. Sasa wewe ni mtu mzima, nikuite bwana mwenyekiti?"

"Niite tu jina langu."

"Jina lako nitaliita ukioa."

Nilimsaidia kutua. Tulimimina maji kwenye mtungi, mimi nimeshika debe upande mmoja, yeye upande mwingine. Kuni zilikuwapo, amezipanga hadi kwenye dari. Sufuria kubwa za kuazima zilikuwapo. Jioni nzima ilikuwa yetu. Ningesema, "Shangazi, tuchemshe haya maji leo, yatapoa hadi kesho," angecheka, angenitania, angechemsha. Sikusema. Si kwamba nilisahau. Niliyatazama maji yale yakiingia mtungini na nikawaza juu ya kesho, watu wakiwa wamejaa uani, mchungaji akiwapo, nami nikisimama na utepe wangu. Niliona kwamba itakuwa nafasi nzuri ya kufundisha. Hilo ndilo jina nililolipa jambo lile.

Kesho yake tulitoka kanisani tukaja kwa shangazi, umati mkubwa. Shemeji yake alikuja pia na mkewe, wakakaa karibu na mlango. Shangazi alikuwa amevaa kitenge kipya. Alichota maji mtungini kwa kata, akaonja polepole, kila mtu akamwona, akaja mbele yangu akapiga goti kidogo kwa utani kama anavyopigiwa mzee.

"Haya, baba. Wa kwanza wewe."

Nikasimama. Nilisema kwa sauti yangu ile ya kusikika, "Sinywi, shangazi. Maji haya hayafai. Yanaleta kifo."

Nilikuwa na hotuba. Nilitaka kueleza juu ya mfereji, zizi, maganda ya kahawa, vijidudu visivyoonekana. Nadhani nilianza kuieleza. Lakini sikumbuki kama kuna aliyesikia neno lolote baada ya neno kifo. Shangazi alibaki ameshika kata kwa mikono miwili. Akaniambia kwa sauti ya chini, kwa Kimeru, kama mtu anayemrekebisha mtoto asiaibike, "Kunywa kidogo tu, mwanangu. Gusisha tu mdomo."

"Nimeapa," nikasema.

Shemeji yake aliinuka. Hakupiga kelele. Alimwambia mkewe, "Mama, chukua shuka lako." Kisha akasema bila kumtazama mtu, "Hata aliyemlea hataki." Wakatoka. Wengine hawakutoka mara moja, maana watu wetu wana adabu. Mmoja alikumbuka ng'ombe. Mwingine mtoto analia nyumbani. Mchungaji alijaribu kuanzisha wimbo. Ilipofika alasiri vyungu vilikuwa vimejaa kama vilivyoepuliwa, na baba yangu amekaa peke yake kwenye benchi, anakula loshoro, anakula na kuongeza, kama mtu aliyeamua kuimaliza karamu ya watu wote peke yake.

Siku chache baadaye baba alikuja shuleni kwa miguu. Tulisimama chini ya ukingo wa paa la darasa.

"Jumapili utakuja kwa shangazi yako baada ya ibada. Nitawaita wale wale. Utakunywa mbele yao."

"Baba, nitakunywa kama yatachemshwa."

"Ukiyachemsha utakuwa umesema kwamba mara ya kwanza yalikuwa na kitu."

"Yalikuwa na kitu, baba. Ndiyo ukweli."

Baba alinisogelea. "Najua kuna uchafu. Mimi si mpumbavu. Wale watu hawazungumzi habari ya uchafu, na wewe unajua. Dada yangu anakaa katika ardhi ya watu wengine, hana mtoto, hana mume. Wakisema ana mkono mbaya atakwenda wapi?"

Nilimwambia nitafikiri. Nilikwenda kwa mwalimu nikitumaini atanisifu. Alinisikiliza hadi mwisho, na uso wake ukabadilika.

"Hukuniambia kuwa ndivyo ilivyo kwenu," akasema. "Nilikuuliza."

"Ndiyo, mwalimu."

"Nenda ukanywe. Maji yale pengine yatakuumiza tumbo, mimi mwenyewe nitakupeleka zahanati. Kiapo nimekuondolea."

Nilikuwa nimeondolewa kila kizuizi isipokuwa mimi mwenyewe. Jumapili ile bwana afya wa wilaya alikuwa anakuja kukitazama chama chetu pamoja na daktari wa Kizungu, na mwenyekiti ndiye angesoma hotuba. Nilijiambia kwamba nitakwenda kwa shangazi Jumapili itakayofuata. Nilimtuma mtu kwa baba kusema hivyo. Baadaye nilisikia kwamba watu wale waliitwa na wengine walikuja kweli, wakakaa, wakanisubiri, wakaondoka.

Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya pipa letu la maji nikihutubia. Bwana afya alitafsiri kwa daktari. Nilieleza ubao na mfereji vizuri sana. Kisha nikaona daktari anaitikia kwa kichwa, ameridhika, na wazazi waliokuja wanasikiliza, na maneno ambayo sikuwa nimeyaandika yakanitoka: "Mimi hata nyumbani kwa shangazi yangu mwenyewe, aliyenilea, nilikataa maji yake." Nilipigiwa makofi. Daktari alinipa mkono. Mwalimu wangu, aliyekuwa amesimama nyuma ya watu, alitazama chini. Mshili wa ukoo wa mume wa shangazi, mzee aliyeusemea ukoo huo mbele ya mangi, mtawala wetu, alikuwapo pia siku ile. Hakupiga makofi. Aliondoka na alichokuja kukisikia.

Baada ya hapo sikuwa tena na Jumapili ya kwenda. Hata kama ningekunywa mtungi mzima, nilikuwa nimesema mbele ya serikali.

Hakuna aliyempiga shangazi wala kumchomea nyumba. Watu waliacha tu. Zamu yake ya maji ya mfereji ilirukwa, na alipouliza aliambiwa kumetokea kosa, na mara ya pili ikarukwa tena. Alipotangaza siku ya kuchuma kahawa, siku ambayo kwetu jirani huja bila kuitwa, alikuja baba peke yake; mimi nilikuwa shule. Kahawa nyingine ilikaukia mtini. Wapita njia wenye mizigo walijifunza kupumzika mbele zaidi, kwenye kona isiyo na kivuli. Baba aliniambia kwamba kwa muda mrefu shangazi aliendelea kujaza mtungi kila alfajiri na kuweka kata juu yake, na jioni aliimwagia migomba maji yale.

Kabla masika hayajaisha alimwachia shemeji yake shamba, akashuka mjini.

Nilimtembelea huko mjini, mtaa wa Kaloleni, likizo yangu ya kwanza ya sekondari. Alikuwa amepanga chumba katika nyumba ya mama mmoja Mwislamu wa Kondoa, akipika uji na maandazi asubuhi kwa vibarua. Nilimkuta anaosha masufuria. Alikuwa amekonda, lakini alinitania kama zamani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Suruali ndefu! Shule inakupa na chakula, au suruali tu?"

Tulicheka. Kisha nikamwambia nilichokuja kumwambia: kwamba nimekosa, kwamba baba anamwomba arudi, kwamba nitasimama kanisani nieleze. Nilikuwa tayari nimeiandaa, kama nilivyoandaa hotuba zote.

Aliendelea kuosha. "Ukisimama kanisani utaeleza nini? Kwamba maji yalikuwa safi?"

"Hayakuwa safi."

"Basi utasema nini?"

Nilichukua sufuria moja nikaanza kuisuuza.

"Chama chako kipo bado?"

"Kipo. Sasa hata maboma mengine wanachemsha. Kuhara kumepungua."

"Hilo ni jema," akasema, na naamini alimaanisha. "Na mimi hapa nachemsha. Uji hauwezi kupikwa kwa maji ya baridi." Aliweka sufuria juani. "Lakini nirudi kule nikamkaribishe nani, baba? Nikae uani nawatazama watu wakipita? Hapa mtu akija na kikombe chake nampimia, anakunywa, hanijui. Hiyo inanitosha."

Hakusema kwamba amenisamehe wala kwamba hajanisamehe. Alinifungia maandazi katika karatasi, nikapanda mlima.

Nilimaliza sekondari, nikaajiriwa karani, nikaoa kabla Waingereza hawajaondoka. Katika ukoo wetu bibi harusi anapofika nyumbani kwa mume, shangazi wa bwana harusi ndiye humpokea mlangoni na kumpa maziwa ya kwanza kwa mkono wake. Nilikwenda mjini mwenyewe kumwalika. Alikuja. Alivaa vizuri, alikuja na zawadi ya khanga kwa mke wangu, aliwasalimia wote, hata shemeji yake aliyekuwa amekaa na wazee, naye shemeji aliitikia.

Bibi harusi alipofika mlangoni kibuyu cha maziwa kilikuwa tayari mezani. Watu walimtazama shangazi. Alikuwa amekaa kwenye kiti pembeni, mikono ameifunga mapajani ndani ya khanga yake. Binamu yangu mmoja wa kike alimwinamia.

"Shangazi, inuka. Wanakusubiri."

"Mpe wewe," akasema.

"Mimi? Mimi si shangazi."

"Mpe wewe, mwanangu. Maziwa yakitoka mkononi mwangu wageni wa watu wataacha chakula. Chakula kingi, ni dhambi kukiacha."

Alisema kwa upole, bila kinyongo, kama mtu anayekumbusha kwamba mvua itanyesha. Nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kumshika bega. Ningeweza kukichukua kile kibuyu nikamwekea mikononi. Ningeweza kuwa wa kwanza kunywa, mbele ya mke wangu, mbele ya shemeji na mshili na wote, na nisiseme neno lolote. Nafasi ya pili ya namna ile watu wengi hawaipati. Lakini nje walikuwa wananiita, mpiga picha Mhindi kutoka mjini alisema jua linaondoka, nami nikatazama kule sauti ilikotoka, nikatoka.

Binamu yangu akampa mke wangu maziwa. Nilipoingia tena kile kiti cha pembeni kilikuwa kimekaliwa na mtu mwingine, na baba akaniambia shangazi ameshateremka, anataka kufika Kaloleni kabla ya giza ili awashe moto wa uji wa kesho.